Pesa imekatwa, mfumo unasema hujalipa: nilipe tena?

*Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi. Wiki iliyopita niliomba leseni ya biashara kupitia TAUSI. Kijana wa steshenari alinijazia, nikapewa kontroo namba. Nililipa kwa simu Ijumaa saa tano usiku, shilingi laki moja na ushee. Pesa ikakatwa na ujumbe wa mtandao wa simu ukaja. Leo Jumanne mfumo bado unaonyesha ankara haijalipwa. Karani wa leseni kaniambia nipewe namba nyingine nilipe upya, ile ya kwanza eti itarudi yenyewe. Jirani yangu sokoni anasema hizo zimeshaliwa. Nilipe tena? Na kwa nini hawapokei taslimu kama zamani, mtu akaondoka na risiti yake mkononi?*

Ndugu msomaji, usilipe tena. Angalau si leo. Kwa namna ulivyoeleza, pesa yako haijaliwa. Kuna kitu kimekwama njiani, na vituo vya njia hiyo ni vichache, vinahesabika. Kazi iliyo mbele yako ni kujua kimekwama kituo kipi, maana kila kituo kina mtu wake wa kuulizwa. Karani wa leseni si mmojawapo. Yeye anaona neno "haijalipwa" kwenye kioo chake na basi, haoni kilichotokea kabla ya hapo.

Nianze na kontroo namba yenyewe, kwa sababu wengi huidhania ni akaunti. Ni namba ya ankara. Ulipoomba leseni, TAUSI, ambao ni mfumo wa mapato wa TAMISEMI unaotumiwa na halmashauri, uliandaa ankara yenye jina lako, kiasi, aina ya pato na tarehe ya mwisho ya kulipa. Ankara hiyo ikapelekwa GePG, lango la malipo ya serikali lililo chini ya Wizara ya Fedha ya Tanzania, lililoanza kazi mwaka 2017. Lango ndilo linalozalisha ile namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99 na kuirudisha TAUSI uione. Kwa hiyo halmashauri haitungi namba, na mtandao wa simu hautungi namba. Ukipewa "namba ya malipo ya serikali" yenye tarakimu sita au saba, au isiyoanza na 99, hapo ndipo pa kumkumbuka jirani yako na maneno yake.

Ulipoingiza namba ile kwenye simu, mtandao wako uliliuliza lango: ankara hii ni ya nani, ya kiasi gani, bado hai? Lango likajibu. Ulipothibitisha kwa namba ya siri, mtandao ukakata salio lako na kulipasha lango habari kwamba ankara fulani imelipwa, kwa muamala namba fulani. Lango nalo likapaswa kuipasha TAUSI, na TAUSI ijibu kwamba imepokea. Pesa yenyewe husafiri kivyake: inaingia kwenye akaunti ya makusanyo iliyo benki ya biashara, kisha inahamishwa kulingana na utaratibu wa taasisi husika. Shika hilo vizuri, kwamba vinavyosafiri ni vitu viwili, fedha na habari za fedha. Katika malalamiko mengi ya aina yako fedha imefika salama, ila habari ndiyo iliyolala njiani.

Habari hulala vipi? Usiku ni saa ambazo mafundi wa mifumo hupenda kufanya matengenezo. Ikiwa mfumo wa taasisi ulikuwa umezimwa saa tano ile, lango lilibisha hodi bila kuitikiwa. Hurudia kubisha, lakini si milele. Ndiyo maana ukawekwa utaratibu wa pili, usuluhishi wa hesabu: siku ikiisha, taasisi huomba orodha ya malipo yote ya jana, kisha huioanisha na daftari lake. Malipo yaliyopita bila kuandikwa yanapaswa kunaswa hapo. Neno "yanapaswa" nimelitumia makusudi. Mfumo ukishaleta tofauti, mara nyingine hubaki kwenye orodha hadi mhasibu aifungue na kuishughulikia, na mhasibu naye ana Jumamosi na Jumapili yake. Kwako Jumatatu nzima imepita. Muda wa kusubiri umekwisha, sasa ni muda wa kufuatilia.

Kituo cha kwanza ni mtandao wa simu. Ufungue ujumbe uliopokea, usome neno kwa neno. Kuna ujumbe unaosema umelipa, ukitaja kiasi, kontroo namba na namba ya muamala. Kuna mwingine unaosema muamala unashughulikiwa, au ombi limepokelewa. Watu husoma jumbe hizo mbili kama kitu kimoja, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Ujumbe wa aina ya pili maana yake mtandao umeshika pesa yako bila kupata jibu la lango. Hapo, na hapo tu, maneno ya karani yana ukweli: pesa inaweza kurudi yenyewe kwenye salio, au muamala ukakamilika baadaye. Piga 100, huduma kwa wateja, uwape namba ya muamala. Usiwaulize kama pesa imekatwa, maana watakujibu ndiyo na simu itaisha. Waulize hivi: je, muamala huu umekamilika na mmepokea uthibitisho kutoka GePG, au bado unasubiri? Wakikwambia umekamilika, omba namba ya kumbukumbu ya uthibitisho huo na uiandike. Hiyo ndiyo silaha yako kwenye kituo kinachofuata.

Kuna njia nyingine ya kujipima bila kumuuliza mtu wa simu. Nenda kwa wakala wa benki au dirishani benki ukiwa na kontroo namba ileile, umwombe aiangalie kana kwamba unataka kulipa, ila asipokee kitu. Ankara yako ikiwa ni ya kulipwa mara moja kwa kiasi kamili, na lango limeshapokea malipo, mashine yake itaikataa na kumwambia imeshalipwa. Ikitokea jina lako na kiasi chote kikiwa bado kinadaiwa, lango halijui chochote kuhusu pesa yako, rudi kwa mtandao wa simu. Ikisema ankara imekwisha muda, jaribio halikuambii kitu. Kadhalika zipo ankara zilizoruhusiwa kulipwa kidogokidogo au mara nyingi, nazo jaribio hili haliziwezi. Sikushauri ulifanye kwenye simu yako mwenyewe: baadhi ya menyu huonyesha jina mwishoni kabisa, baada ya namba ya siri, na kidole kikiteleza umelipa mara ya pili.

Tuseme lango limepokea. Sasa ndipo unapokwenda halmashauri, na safari hii usiende dirisha la leseni. Mwulizie mhasibu wa mapato. Huyo ndiye mwenye uwezo wa kuona malipo yaliyofika kwenye lango na kwenye akaunti ya halmashauri, akatafuta kwa kontroo namba hata kama TAUSI inasema haijalipwa. Akiyaona, yeye au afisa TEHAMA wa halmashauri ataomba habari ziletwe upya, na ikishindikana suala litapelekwa kwa wasimamizi wa mfumo TAMISEMI. Nenda na ankara iliyochapishwa, nakala ya ujumbe wa malipo, taarifa fupi ya miamala ya siku ile kutoka mtandao wa simu, TIN yako na namba ya NIDA. Uchapishe karatasi. Picha ndani ya simu yako haiwezi kubaki kwenye faili lake, na suala lisilo na karatasi mezani husahaulika ukishapinda kona.

Hapo pia uulize jambo moja ambalo watu hulisahau: malipo yanaonekana, je, maombi ya leseni yameidhinishwa? Kulipa na kuidhinishwa ni hatua mbili. Kuna wafanyabiashara wanaozunguka wiki nzima wakitafuta malipo "yaliyopotea" kumbe yalisomeka siku ileile. Kilichosimama ni ombi linalomngoja afisa, au uthibitisho wa kodi kutoka TRA ambao umepitwa na muda.

Sasa hilo la kupewa namba mpya. Ubaya wake hauko kwenye shilingi laki moja peke yake. Karani akizalisha ankara ya pili kabla ya kuifuta ya kwanza, deni moja linakuwa na ankara mbili hai. Ukilipa ya pili leo, kesho usuluhishi wa hesabu ukaleta habari za ya kwanza, umelipa mara mbili na zote ni halali kwenye vitabu. Fedha ikishaingia akaunti ya umma hairudi yenyewe kamwe. Hurejeshwa kwa barua yako kwa mkurugenzi, vielelezo, uhakiki wa mhasibu, idhini na hati ya malipo. Kwa uzoefu wa ofisi nyingi hilo ni suala la wiki au miezi, na mara nyingi utashauriwa ukubali kiasi hicho kifidie deni lingine, mfano ushuru wa huduma au leseni ya mwaka ujao. Kufidiwa si jibu baya, mradi uwe nalo kwa maandishi. Kwa upande mwingine, usipolipa ankara ya pili na isifutwe, inaweza kubaki kwenye jina lako kama deni na kukusumbua mwakani. Kwa hiyo kama namba mpya imeshazalishwa, mwombe mhasibu aifute mbele yako mara malipo ya kwanza yatakapoonekana.

Sitakudanganya kwamba kulipa mara mbili ni ujinga siku zote. Kama una zabuni inayofungwa kesho saa nne na inadai leseni hai, hesabu ni yako: laki moja iliyokwama kwa miezi mitatu dhidi ya kazi ya mamilioni. Ukiamua hivyo, andika barua siku hiyohiyo kabla ya kulipa, ukitaja kontroo namba ya kwanza na namba ya muamala wake, ukisema unalipa ya pili ukisubiri ya kwanza ipatikane. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo. Barua iliyoandikwa kabla ya tukio ina uzito ambao ile ya malalamiko ya baadaye haina.

Ukifika mwisho wa njia? Ikiwa mtandao wa simu ndio wenye pesa na wanakuzungusha, andika malalamiko rasmi kwao kwanza upate namba ya lalamiko, kisha nenda Benki Kuu, ambayo ndiyo inayosimamia watoa huduma za malipo chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Ikiwa ni halmashauri, ngazi inayofuata baada ya mhasibu ni mweka hazina, kisha mkurugenzi. Usianze na mkuu wa wilaya. Kelele zitasikika, lakini karatasi itarudishwa palepale kwa mhasibu, safari hii akiwa amenuna.

Umeuliza kuhusu taslimu. Taslimu zinapokelewa hadi leo: nenda kwa wakala wa benki na noti zako na kontroo namba, atakulipia na kukupa risiti. Kilichokatazwa ni noti kupita mkononi mwa mtumishi wa ofisi inayokudai. Zamani kila taasisi ilikuwa na akaunti zake na vitabu vyake vya stakabadhi. Wewe ulikwenda benki fulani iliyotajwa, ukapanga foleni, ukarudi ofisini na karatasi ya benki ili uandikiwe stakabadhi ya serikali. Aliyekuwa na kitabu bandia aliandika stakabadhi safi kuliko ya kweli, na ulikuwa unaondoka nayo mkononi ukiwa na amani kabisa. Leo stakabadhi inatoka kwenye mfumo na namba yake inaweza kuhakikiwa.

Hata hivyo mwanya haujazibwa wote. Kwenye magulio na mageti ya ushuru, mkusanyaji hupokea noti, anachapa risiti kwa mashine ya POS, kisha yeye ndiye anayepaswa kwenda kuzilipa benki kwa kontroo namba. Kati ya mashine na benki kuna mfuko wa suruali, na ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimeutaja mfuko huo mwaka baada ya mwaka: makusanyo yaliyosomeka kwenye POS bila kufika benki. Malipo uliyoyafanya wewe kwa simu hayapiti njia hiyo. Pengine mtu wa kawaida haoni kwamba, katika suala lako, mfumo uliokukera ndio unaokupa uwezo wa kuidai pesa yako kwa namba ya muamala. Ya taslimu iliyoliwa usingeidai kwa lolote.

Utaambiwa pia "mtandao uko chini". Uulize mtandao upi, kwa sababu neno hilo limebeba mambo matatu. Linaweza kuwa ni intaneti ya ofisi ile tu: waya umekatwa na mtambo wa barabara, au tawi la Mkongo wa Taifa, njia kuu ya nyaya za mawasiliano nchini inayosimamiwa na TTCL, lina hitilafu. Hapo karani haoni kitu, lakini mifumo yenyewe iko hai na mhasibu aliye wilaya jirani anaona. Linaweza kuwa ni TAUSI yenyewe imesimama, na hapo nchi nzima hakuna anayeona ankara, ingawa lango linaendelea kupokea malipo ya taasisi nyingine. Au linaweza kuwa ni intaneti ya kimataifa, kama Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja na Afrika Mashariki ikapooza. Aliyelipa kwa menyu ya nyota na reli hatumii bando, kwa hiyo simu yako inaweza kulipa vizuri wakati kompyuta ya ofisi haifungui hata ukurasa. Haya yakikutana na saa tano usiku, unapata hali kama yako.

Wanaolipa kiasi kikubwa kwa hawala ya benki kwenda benki wana kosa lao la pekee. Ankara ya namna hiyo huja na fomu ya kuhamishia fedha, na kwenye sehemu ya 70 ya fomu lazima kiandikwe /ROC/ ikifuatiwa na kontroo namba, bila kuongeza neno. Ofisa wa benki akiandika "malipo ya leseni" kwa wema wake, fedha itafika bila jina na utaitafuta kama sindano.

Mwisho nimrudie yule kijana wa steshenari, maana nina wasiwasi naye kuliko karani. Si kwamba ni tapeli; wengi wao ni waungwana na bila wao watu wengi wasingepata huduma. Lakini mazoea yao ni kufungua akaunti ya mteja kwa namba ya simu ya steshenari na neno la siri moja kwa wateja wote, ili kazi iende haraka. Ukiwa umefunguliwa hivyo, ujumbe wa mfumo unaingia kwenye simu yake, siyo yako. Inawezekana taarifa kwamba malipo yamesomeka ilishafika Jumamosi na iko kwake. Inawezekana pia alizalisha ankara mara mbili kwa kubonyeza mara mbili, ukalipa moja, na karani anaangalia nyingine. Kabla ya yote niliyosema, pita kwake leo. Ingieni kwenye akaunti yako pamoja, mhesabu ankara zilizoko kwa jina lako, na mlinganishe tarakimu zote 12 za iliyoko kwenye kioo na zile za ujumbe wako wa malipo, moja baada ya nyingine. Zikitofautiana hata tarakimu moja, umepata jibu lako bila kwenda popote. Kisha badilisha namba ya simu iwe yako na neno la siri uliandike wewe.

Na kama ulipewa risiti yoyote ya mashine, ile karatasi nyororo, itoe kivuli leo. Ikikaa miezi kadhaa kwenye droo lenye joto la bati la duka, maandishi hufutika, na mkaguzi hatakubali karatasi nyeupe.